Kufundisha mtambo kusikia jiwe: kazi za utafiti katika uchimbaji wa visima vya mafuta na gesi

Kiangazi kilichopita jirani yetu hapa Katuba, mjini Lubumbashi, alichimbisha foraji, yaani kisima cha maji, ndani ya parseli yake, kwa kuchoka kuamka saa tisa usiku kungojea maji ya robine. Mafundi walikuja na mtambo mdogo uliofungwa juu ya lori, na sisi wa mtaa tukajipanga ukutani kutazama. Mwendeshaji alikuwa papa mmoja, yaani baba, wa makamo. Muda wote hakuachia kile kijiti cha kuendeshea. Walipofika mita thelathini na kitu akapunguza nguvu ghafla, sisi tukiwa hatujaona badiliko lolote. Nikamuuliza kwa nini.

"Mwana, jiwe imebadilika," akajibu. "Nasikia mu mukono."

Kila ninaposoma habari za mitambo ya kuchimba visima vya mafuta inayojiendesha, namkumbuka papa huyo. Wanafunzi wa Politekniki, kitivo cha uhandisi, wanaoniuliza kuhusu kazi hizi hudhani habari yote ni roboti za kubeba mabomba badala ya vijana wenye kofia ngumu. Roboti hizo zipo kweli. Mwaka 2021 kampuni ya Nabors ilichimba kisima magharibi mwa Texas kwa mtambo ambao mabomba yake yanabebwa, yanasimamishwa na kufungwa bila mtu kukanyaga sakafu ya kazi. Ni jambo jema, maana sakafu hiyo imekata vidole vya watu wengi. Lakini hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu ngumu, ile inayowapa watafiti mishahara kwa miaka, ni mkono wa papa: kujua kinachotokea mahali usipopaona, kisha kuchukua hatua kabla hujachelewa.

Uzi wa mita 12

Foraji ya mtaani ina mita hamsini, sitini, labda mia. Kisima cha mafuta cha kilomita tatu ni cha kawaida tu. Kinachimbwa kwa mabomba ya chuma ya takriban mita 9 kila moja, yaliyoungwa kichwa kwa mkia, na mwishoni kuna kekee, yaani kile kichwa chenye meno kinachosaga mwamba. Bomba linalotumika sana lina unene wa milimita 127. Ukilipunguza kwa mizani, utapata uzi wa nusu milimita wenye urefu wa karibu mita 12. Sasa shika ncha ya uzi huo ukiwa juu ya ghorofa ya nne, na ujaribu kutoboa ubao ulioko chini kwa kuuzungusha kwa vidole.

Ndivyo mambo yalivyo. Chuma tunachokiona kigumu mkononi, kikiwa na urefu huo, kinakuwa laini kama mpira. Kwa nguvu ya kuzungusha ya kawaida, ncha ya juu inaweza kuitangulia ncha ya chini kwa mizunguko kama mitano. Yaani juu mmekwisha kuzungusha mara tano, na kekee ndiyo kwanza inaamka. Habari ya mzunguko inasafiri ndani ya chuma kwa takriban kilomita 3.2 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda chini ni sekunde moja na kurudi ni nyingine. Kompyuta inayoendesha injini ya juu inafanya kazi kama mtu anayeongea na ndugu yake kwa simu yenye mwangwi. Akikosea kusubiri, anaongea juu ya maneno ya mwenzake na mazungumzo yanavurugika.

Vurugu hilo lina sura yake. Kekee inakwama kwenye mwamba na kusimama kabisa. Juu injini inaendelea, mabomba yanajisokota. Msokoto ukizidi nguvu ya mwamba, kekee inafyatuka na kuzunguka kwa kasi kubwa kuliko ya juu, mara mbili au zaidi, kisha inakwama tena. Sekunde chache baadaye mchezo unarudiwa. Meno ya almasi yanavunjika, vyombo vya kupimia vinakufa, na aliyesimama juu pengine anaona tu mshale wa nguvu ukipanda na kushuka kwa utaratibu, kama mtu anayepumua.

Dawa yake ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote katika taaluma hii. Hawakuongeza chuma kinene. Walibadilisha tabia ya injini. Badala ya kushikilia kasi ileile kwa ukaidi, injini hulegea kidogo kila wimbi la msokoto linapofika juu, ikalimeza badala ya kulirudisha chini. Ni kama kumpokea mtu anayeruka kutoka kwenye lori: ukikaza mikono mtaumia wote wawili. Majaribio yalianza miaka ya 1980, na mwaka 1995 J. D. Jansen na L. van den Steen walichapisha hesabu zake kwa mpangilio mzuri. Leo ni programu tu ndani ya mtambo. Bado hata hivyo haijakamilika: katika visima virefu sana, au vilivyolala ubavu kwa kilomita kadhaa, mabomba yanasugua ukuta na mawimbi yanafika juu yakiwa yamechakaa. Hapo tasnifu za udaktari zinaendelea kuandikwa.

Picha moja kwa saa 22

Mtu atauliza: kwa nini wasiweke vihisi chini kwenye kekee, vikatuma kila kitu juu? Vihisi vipo. Taabu ni njia. Waya hauwekwi kirahisi ndani ya mabomba yanayoungwa na kufunguliwa kila baada ya mita kadhaa, na redio haipenyi mwamba kwa kina hicho. Njia iliyozoeleka inapita ndani ya tope. Katikati ya mabomba linasukumwa tope maalumu, linatoka kwenye kekee na kurudi juu nje ya mabomba, likibeba mwamba uliosagwa. Chombo cha chini kinafunga na kufungua kijilango, shinikizo la tope linapanda na kushuka, na juu wanasoma mapigo hayo kama mtu anayesikiliza ngoma ya mbali.

Ngoma hiyo inapeleka biti chache kwa sekunde. Ikichangamka sana, makumi machache. Chukua picha ndogo ya WhatsApp, kilobaiti 100. Kwa biti 10 kwa sekunde, picha hiyo ingetumia kama saa 22 kufika. Yapo mabomba yenye waya ndani yake yanayopitisha zaidi ya biti 50,000 kwa sekunde, na kwa hayo picha ingefika kabla ya chai kupoa, lakini bei yake imeyafanya yasienee.

Kwa sababu hiyo, utafiti mkubwa unahusu kukisia kwa akili. Unajenga kisima cha hesabu ndani ya kompyuta, kinachokwenda sambamba na kile cha kweli. Unakilisha vipimo vya juu unavyovipata kwa wingi: uzito unaoning'inia, nguvu ya kuzungusha, shinikizo la pampu, kasi ya kuzama. Kisha unakirekebisha kila ngoma ya chini inapoleta tarakimu mbili tatu. Ukipata tofauti kati ya kisima cha hesabu na cha kweli, ama kuna jambo limetokea chini au kihisi chako kinadanganya. Kutambua ni lipi kati ya hayo mawili ni kazi ya miaka, na wengi wamezeeka humo.

Jambo walilolikopa migodini

Hapa mtu wa Katanga avute kiti. Mwaka 1965 R. Teale aliandika makala kuhusu nishati inayotumika kutoboa mwamba. Wazo lake linaelezeka jikoni: pima nishati yote unayoingiza kwenye kekee, igawe kwa ujazo wa mwamba uliotoka. Ukichimba vizuri kabisa, jibu linakaribia nguvu ya mwamba wenyewe, ile tunayoipima maabara kwa kuukandamiza mpaka upasuke. Jibu likiwa kubwa mara tatu au nne zaidi, nishati inapotea mahali: kwenye mtetemo, kwenye meno butu, au kwenye udongo ulioganda juu ya kekee kama fufu kwenye mwiko.

Makala hiyo ilitoka katika utafiti wa miamba na migodi. Watu wa mafuta waliichukua kwa nguvu miongo kadhaa baadaye, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, wakaanza kuionyesha kwenye skrini ya mchimbaji wakati kazi inaendelea, na visima vingi vikapata kasi ambayo hawakuitegemea. Mpaka leo programu nyingi zinazoamua zenyewe uzito wa kuweka na kasi ya kuzungusha zina Teale ndani yake, hata kama zimevalishwa suti ya akili bandia.

Nasema hivi kwa sababu mwanafunzi wa migodi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyewahi kushika karoti za mwamba (kwa wageni: hizo ni nguzo za jiwe zinazotolewa na mtambo, haziingii sufuriani) na kuzipasua chini ya mashine ya kukandamiza, ameshika nusu ya fomula hiyo kwa mikono yake. Anayetoka kompyuta moja kwa moja hajaishika. Nimeona vijana wenye programu safi kabisa wasiojua tope linafanya nini kisimani. Wanaona shinikizo limeshuka hadi sifuri na wanapiga kelele ya hatari, kumbe pampu zimesimamishwa ili bomba liongezwe.

Shinikizo halina mzaha

Nimesema tope linabeba mwamba, lakini kazi yake kubwa zaidi ni uzito. Ndani ya mwamba wa mafuta kuna maji, mafuta na gesi vilivyobanwa. Tope likiwa jepesi mno, gesi inaingia kisimani na kupanda huku ikitanuka. Likiwa zito mno, linapasua mwamba na kupotelea humo, kisha usawa wake unashuka na gesi inaingia vilevile. Kati ya mipaka hiyo kuna nafasi, na mahali pengine, hasa chini ya bahari kuu, nafasi yenyewe ni nyembamba sana. Hata kuvuta mabomba haraka ni kosa: yanafanya kazi kama bomba la sindano, yananyonya gesi kutoka kwenye mwamba. Mtambo unaojiendesha vizuri hukataa kuvuta kwa kasi hiyo, hata mwendeshaji akisukuma kijiti mpaka mwisho.

Tarehe 20 Aprili 2010, kwenye mtambo wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Mexico, walifanya jaribio la shinikizo ili kujua kama kisima kimefungika. Matokeo hayakuwa mazuri, nao wakayatafsiri kuwa mazuri. Dalili nyingine zilikuwemo kwenye vipimo kabla ya mlipuko. Watu 11 walikufa. Kwa watafiti swali gumu la ajali ile si kwamba kompyuta haikuwepo. Tarakimu zilikuwepo, zikakosa mtu au programu ya kuziunganisha na kusema kwa sauti: simamisheni.

Basi mbona tusiiachie kompyuta kila kitu? Kwa sababu nayo hufika mahali ikashindwa, ikamrudishia binadamu usukani wakati mbaya kuliko wote. Marubani wanaijua habari hiyo: katika ajali ya ndege ya Air France 447 mwaka 2009 vihisi vya kasi viliganda barafu, mfumo ukajitoa, na marubani wakaachiwa ndege usiku juu ya Atlantiki bila kuelewa kinachoendelea. Mchimbaji aliyekaa saa kumi akitazama mtambo ukijichimbia atakuwa amepoteza ule usikivu wa mkononi. Tangu watafiti Sheridan na Verplank walipopanga ngazi kumi za kugawana kazi kati ya mtu na mashine, mwaka 1978, swali limebaki kuwa ngazi ipi kwa kazi ipi, na kubadilishana zamu vipi. Wanasaikolojia nao wanahusishwa katika utafiti wa uchimbaji kwa ajili ya hilo. Binafsi naona ndiyo nafasi isiyo na msongamano.

Pesa nazo

Kuna kikwazo ambacho hakimo vitabuni mwa uhandisi. Mwenye kitalu cha mafuta ni mmoja. Mwenye mtambo ni mwingine, na kwa desturi analipwa kwa siku. Vyombo vya chini ni vya kampuni ya tatu, tope ni la kampuni ya nne. Kila mmoja ana kompyuta yake, data yake na hata saa yake, na saa zikitofautiana kwa sekunde tano, hesabu zote nilizoeleza hapo juu zinaharibika. Sasa mwambie mwashi unayemlipa kwa siku kwamba umemletea mashine ya kumaliza nyumba kwa wiki badala ya mwezi, halafu ungoje akushukuru. Uchimbaji unaojiendesha umekwenda polepole kwa sababu hiyo kama ulivyokwenda polepole kwa sababu ya fizikia, na ndiyo maana watu wanaofanya kazi ya kuchosha ya kupanga lugha moja ya data kati ya kampuni, kama ile iitwayo WITSML, wanastahili heshima kuliko wanayopewa.

Kutoka hapa kwenda huko

Mafuta yanayochimbwa Kongo yako pwani, Muanda, mwisho mwingine wa nchi. Mnada wa vitalu 27 vya mafuta uliotangazwa Kinshasa mwaka 2022 ulifutwa mwaka 2024. Kwa hiyo anayetaka utafiti huu asisubiri kisima kije mtaani kwetu Kampemba.

Kazi zenyewe ziko kwenye makundi machache ya vyuo na kwenye kampuni za mafuta, za mitambo na za huduma. Stavanger nchini Norway wana Ullrigg, mtambo kamili wa kufanyia majaribio, wenye visima vya kweli, kwa hiyo programu mpya inaharibikia hapo badala ya kuharibikia baharini. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kina kundi la utafiti huu, na Leoben ya Austria imefundisha wahandisi wa visima kwa vizazi. Ufaransa kuna IFP School huko Rueil-Malmaison, na kwa mtoto aliyesomea Kifaransa tangu shule ya msingi huo ni mlango ulio karibu. Jambo moja la mfukoni: Norway ilianza mwaka 2023 kuwatoza ada wanafunzi wa shahada ya kwanza na masters wanaotoka nje ya Ulaya, lakini udaktari huko ni ajira yenye mshahara. Kwa hiyo masters nzuri uliyoipata kwingine, yenye tasnifu inayogusa mitetemo, udhibiti wa mitambo au mtiririko wa tope, inaweza kukufikisha bila kuuza kiwanja cha familia.

Siku za mtafiti haziko kama kwenye picha za matangazo. Wiki nyingi ni kusafisha data: kuondoa kipimo kilichokwama, kulinganisha saa, kutafuta kwa nini uzito wa mabomba umegeuka hasi. Kisha hesabu, kisha jaribio kwenye kisima cha kompyuta, kisha, ukibahatika, siku tatu kwenye mtambo wa kweli ambao mchimbaji wake anakutazama kama mtoto aliyekuja kumfundisha babu kupika.

Na kama mafuta yatapungua? Swali la haki. Ujuzi huu unahama. Huko Utah, Marekani, mradi wa FORGE umechimba granite yenye joto la zaidi ya nyuzi 200 kutafuta nishati ya ardhini, na nishati ya Teale ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowapa kasi. Kwetu Katanga habari hiyo si ngeni kabisa: Kiabukwa, upande wa Upemba, mwaka 1952 kilijengwa kituo kidogo cha kilowati 200 kilichotumia maji ya moto ya nyuzi 91, cha kwanza cha aina yake Afrika, kwa ajili ya mgodi wa bati. Na migodi yenyewe inaelekea hukohuko. Huko Australia, kampuni ya migodi ya Rio Tinto huendesha mitambo ya kutoboa ya Pilbara kutoka chumba kilichoko Perth, umbali wa kilomita 1,500 hivi. Ni kama kukaa Lubumbashi ukichimba Kinshasa.

Anayetaka kuanza leo hahitaji ruhusa ya mtu. Kuna mashindano ya wanafunzi yaitwayo Drillbotics, ambamo timu hujenga mtambo mdogo unaotoboa jiwe bila kuguswa, na lipo kundi la wanaoshindana kwa mtambo wa kompyuta pekee, linalofaa kwa chuo kisicho na karakana tajiri. Na mwaka 2018 kampuni ya mafuta ya Equinor iliachia bure data ya Volve, eneo la mafuta la Norway lililofungwa 2016: mafaili kama 40,000, yakiwemo ya uchimbaji. Chagua kisima kimoja. Chukua uzito juu ya kekee, kasi ya mzunguko, nguvu ya kuzungusha na kasi ya kuzama, ukokotoe nishati ya Teale mita kwa mita, kisha tafuta mahali mstari unaporuka.

Kijana mmoja niliyempa zoezi hilo alirudi baada ya wiki mbili akiwa na grafu kwenye simu na furaha usoni. Alikuwa ameona mstari ukishuka ghafla, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: MWAMBA MPYA. Tukafungua ripoti ya siku hiyo. Mwamba ulikuwa uleule. Walikuwa wamebadilisha kekee.